Kaimati, Halua na Kashata: Vyakula Vitamu vya Sherehe na Lugha ya Jiko la Waswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutajwa panapozungumziwa majahazi na mafundi wake, lakini inalifaa pia sinia la kaimati linaloandaliwa asubuhi ya Idi. Mlaji huona matonge madogo ya mviringo yanayong'aa kwa shira. Haoni unga uliopigwa kwa mkono hadi ukalainika, wala hamira iliyosubiriwa, wala jicho la mpishi lililokuwa likiichunguza sukari jikoni ili kujua imefikia wapi. Zaidi ya hayo, hasikii maneno yaliyosemwa wakati wa kazi hiyo, ilhali maneno hayo ndiyo yaliyoiongoza kazi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Makala hii inanuia kufafanua vyakula vitamu vinavyotengenezwa majumbani kwa ajili ya sherehe katika jamii ya Waswahili wa pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu. Itaeleza vyakula hivyo huliwa lini, hutengenezwa vipi na ni kwa nini hutengenezwa hivyo. Aidha, itaonyesha kwamba jiko la Mswahili ni ghala la msamiati ambalo wanafunzi wa Kiswahili wamelipita mara nyingi bila kubisha hodi. Hoja inayosisitizwa ni kwamba ufundi huu hurithishwa kwa mdomo na kwa mkono, na pindi mkono unapoacha kufanya kazi, mdomo nao husahau jina lake.

Sherehe na vyakula vyake

Katika kalenda ya Waswahili, mwaka huhesabiwa kwa kuufuata mfungo wa Ramadhani. Mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfungo Mosi, na ndio mwezi wa Idi ndogo. Mfungo Tatu ni mwezi wa Idi kubwa, yaani Idi ya kuchinja, na Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, ambapo mji wa Lamu hupokea wageni wengi wanaokuja kwa ajili ya sherehe zinazohusishwa na Msikiti wa Riyadha. Kabla ya Ramadhani yenyewe, mwishoni mwa mwezi wa Mlisho, familia na marafiki hukutana kula na kufurahi katika desturi inayoitwa kuvunja jungu. Hivyo basi, jina la mwezi humwambia mpishi kazi inayomngoja.

Mwezi wa Ramadhani ndio msimu mkuu wa kaimati, kwani huandaliwa kwa futari pamoja na vyakula vingine vya jioni. Asubuhi ya Idi, nyumba nyingi hupika tambi za sukari, zilizotiwa samli, iliki, zabibu na pengine tui la nazi. Pamoja na tambi huandaliwa mahamri, mkate wa mayai, mkate wa sinia, visheti na vileja. Watoto huzunguka kwa jamaa na majirani kutoa mkono wa Idi, nao hupewa fedha na vitu vitamu.

Katika harusi, halua ina nafasi ya pekee. Baada ya kufungishwa ndoa, wanaume waliohudhuria hugawiwa halua na kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye dele. Utamu wa halua na uchungu wa kahawa huliwa kwa pamoja kwa makusudi, kwa kuwa kimoja hukikata kingine. Ni kweli kwamba halua si chakula cha kila jiko. Aghalabu hutengenezwa na mafundi maalumu, kama wale wa Mji wa Kale wa Mombasa, kwa sababu huhitaji sufuria pana, moto wa kudumu na mikono yenye nguvu. Hata hivyo, halua haitengwi na vyakula vya nyumbani, kwa kuwa hukaa nao katika sinia moja.

Jambo jingine linalostahili kutajwa ni sahani ya jirani. Siku za sherehe, sahani hufunikwa kwa kawa na kupelekwa nyumba ya pili. Aliyepelekewa hairejeshi tupu, bali hutia humo alichopika yeye. Kwa njia hii kila nyumba huonja mapishi ya nyumba nyingine, na mpishi mchanga hujifunza kulinganisha kazi yake na ya wakubwa wake. Sahani hiyo ni salamu, na wakati uo huo ni mtihani.

Ufundi wa shira

Shira ni maji ya sukari yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Kwa mtazamo wa haraka, hakuna kitu rahisi kuliko hiki: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki iliyotwangwa na moto wa wastani. Hata hivyo, ni hapa ambapo wapishi wengi wachanga hushindwa. Sukari inapochemka, maji hupungua na joto la mchanganyiko hupanda juu ya nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo shira inavyozidi kunata. Mpishi mzoefu hahitaji kipimajoto. Huchukua tone kwa mwiko, akalipoza, akalibana baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaviachanisha vidole polepole. Shira ikivuta uzi, imeiva. Isipovuta, bado ni maji ya sukari.

Kaimati na visheti hutumia sukari ile ile, lakini matokeo yake ni tofauti. Kaimati hutakiwa kung'aa na kubaki na shira inayonata, ilhali visheti hutakiwa kuvikwa sukari nyeupe iliyokauka. Siri ya tofauti hii ni ndimu na mwiko. Matone machache ya ndimu yakitiwa katika shira inayochemka, asidi yake huvunja sehemu ya sukari ile kuwa sukari mbili sahili zaidi, ambazo huizuia sukari iliyosalia isigande na kuwa chembechembe. Kwa visheti, mpishi haitii shira ndimu. Huimimina ingali moto juu ya visheti vilivyokwisha kukaangwa, kisha huvigeuzageuza bila kusita. Msukosuko huo huifanya sukari igande upesi na kushika pande zote. Bibi wa Kimvita aliyemwambia mjukuu wake asiikoroge shira ya kaimati baada ya kuchemka, bali aviviringe visheti mpaka viwe vyeupe, alikuwa akifundisha kemia bila ya kuitaja.

Kashata nayo husimama juu ya kanuni iyo hiyo. Sukari hupikwa hadi ivute uzi, kisha hutiwa nazi iliyokunwa au njugu zilizokaangwa na kumenywa. Mchanganyiko hukorogwa hadi uanze kuachana na kuta za sufuria, humiminwa juu ya sinia lililopakwa mafuta, na hukatwa ungali vuguvugu. Mpishi akichelewa, kashata huvunjika ovyo chini ya kisu, na akiharakisha, hukosa umbo. Haraka haraka haina baraka, lakini katika kashata hata ajizi ni nyumba ya njaa.

Ufundi wa unga na tui

Unga wa kaimati huwa mwepesi kuliko wa mahamri. Unga wa ngano huchanganywa na hamira, sukari kidogo na tui au maji ya vuguvugu, kisha hupigwa kwa mkono hadi uwe laini na wenye kuvutika. Upigaji huo hujenga utando wa gluteni unaoweza kuzuia hewa itokayo kwa hamira. Unga huachwa uumuke hadi ujae mapovu, ndipo huchukuliwa kwa ngumi, ukaminywa na kutokeza tonge baina ya kidole gumba na cha shahada, na kudondoshwa katika mafuta ya moto. Matonge hugeuzwa mfululizo ili yawe mviringo na rangi yake iwe sawa. Mvuke uliofungika ndani huyapanua, na ndiyo maana kaimati nzuri huwa na ganda gumu kiasi na tumbo lenye uwazi.

Vileja huenda kinyume. Hutengenezwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na iliki, kisha huokwa. Mchele hauna gluteni, na samli huzuia chembe za unga zisishikane sana. Kwa hiyo kileja hakivutiki, bali humumunyika mdomoni. Anayekizoea kisha akajaribu kutumia unga wa ngano kwa vipimo vile vile hupata kitu kingine kabisa.

Mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina, hutumia mchele uliorowekwa usiku kucha na kusagwa pamoja na tui. Hutiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha humiminwa katika chombo kilichopakwa samli. Kabla ya majiko ya umeme na gesi kuenea, mkate huu ulipikwa kwa moto wa chini na wa juu: chombo hufunikwa na mfuniko ukapaliwa makaa. Moto wa juu ndio unaoupa mkate rangi yake, na ule wa chini ndio unaouinua. Mpishi aliyezidisha mmoja juu ya mwingine huvuna mkate ulioungua usoni na mbichi moyoni.

Tui lenyewe lina madaraja yake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji kidogo na kukamuliwa katika kifumbu. Mkamuo wa kwanza hutoa tui zito linalojulikana kama kasimile. Mikamuo inayofuata hutoa tui jepesi, na mabaki yake huitwa chicha. Mpishi hujua ni wapi panapohitaji kasimile na wapi tui jepesi linatosha.

Halua hudhihirisha ufundi wa subira. Wanga huchanganywa na maji na sukari, ukawekwa motoni na kukorogwa bila kukoma. Joto linapofika baina ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, chembe za wanga hunywa maji na kufura, na uji uliokuwa mwepesi hugeuka kuwa mzito na wenye kung'aa. Samli hutiwa kidogo kidogo, kisha iliki, zafarani na pengine lozi au korosho. Ukorogaji ukisita, wanga hushikamana chini na kuungua, na harufu ya kuungua haiondolewi na viungo vyovyote.

Majina ya wageni, vitenzi vya wenyeji

Kwa mwanafunzi wa lugha, msamiati wa vyakula hivi una mafunzo ya kipekee. Majina mengi ni ya mkopo. Halua limetokana na neno la Kiarabu lenye shina la maana ya utamu, na baadhi ya wazungumzaji hulitamka haluwa. Kaimati limetokana na luqaymat, yaani vitonge vidogo, ambalo ni umbo la udogo la luqma, tonge. Kiswahili kimeidondosha silabi ya mwanzo na kuongeza irabu mwishoni, kulingana na kanuni zake za silabi wazi. Chakula chenyewe ni cha kale: kitabu cha mapishi cha Muhammad bin Hasan al-Baghdadi, kilichoandikwa mwaka 1226, kinaeleza vitonge vya kukaangwa vilivyoitwa matonge ya kadhi. Sukari, zabibu, zafarani na hamira pia ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Ladu, kwa upande wake, hutukumbusha Bara Hindi, na karai la kukaangia limetoka huko huko.

Mtu akiishia hapo, anaweza kudhani kwamba jiko la Mswahili ni la kuazima. Lakini na atazame vitenzi. Kukuna, kukamua, kuchuja, kutwanga, kusaga, kukanda, kusonga, kukaanga, kumimina na kuumuka ni vitenzi vya Kibantu, na vingi kati yavyo vina ndugu katika lugha za bara. Nazi, tui na unga vilevile si maneno ya mkopo. Kwa maneno mengine, majina ya vyakula vingi yalifika kwa pepo za kaskazi, lakini yalipofika yaliwakuta wapishi wakiwa na kazi yao na maneno ya kuisema. Hata mapishi yenyewe yalibadilika: tui liliingia katika kaimati, na mchele wa kusagwa ukapata hamira. Wanaojadili asili ya Kiswahili kwa kuhesabu nomino za mkopo wangefaidika wakihesabu vitenzi vya jikoni pia.

Mofolojia nayo ina la kusema. Visheti, vileja, vibibi na vitumbua vyote vimo katika ngeli ya KI-VI, ngeli inayobeba dhana ya vitu na ya udogo. Kaimati na kashata hubaki katika ngeli ya I-ZI, makao ya mikopo mingi. Mahamri, neno lenye uhusiano na hamira, limekubali kiambishi MA- cha wingi, na umoja wake ni hamri. Tofauti za kimaeneo nazo hujitokeza, kwani andazi linaloitwa hamri Mombasa huitwa andazi tu katika sehemu nyingi za Tanzania.

Chakula kama ujumbe katika fasihi

Fasihi ya Kiswahili haikusita kukitumia chakula kama chombo cha mawasiliano. Katika utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, shujaa anapokuwa kifungoni, mama yake humpelekea chakula kupitia kwa kijakazi Saada. Walinzi hukinyakua kizuri na kumwachia kibaya. Liyongo, kwa lugha ya mafumbo, anaagiza mkate wa wishwa uliotiwa tupa ndani. Walinzi wanauchukua mkate mzuri na kuudharau ule wa wishwa, na kwa dharau hiyo mfungwa anapata zana ya kukatia pingu. Mpango huu haungefaulu kama watu wote wanaohusika, watunzi na wasikilizaji wakiwamo, hawakuwa wakielewa daraja za mikate na heshima inayoambatana na kila mmoja. Mkate mzuri ni wa mtu wa heshima, na wa wishwa ni wa mtu duni. Ujumbe umo ndani ya daraja hizo.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu katika miaka ya 1850, nao unaihesabu huduma ya nyumbani, kikiwamo chakula, kuwa sehemu ya mafunzo ambayo mama humwachia bintiye. Msomaji wa leo anaweza kuyapinga baadhi ya mafunzo hayo, na wahakiki wengi wamefanya hivyo kwa hoja nzito. Hata hivyo, hawezi kukana kwamba mtunzi aliyaona mambo ya nyumbani kuwa yanastahili bahari ya utenzi.

Hali ilivyo na wajibu uliopo

Siku hizi, tui hununuliwa katika pakiti, unga wa mchele husagwa kwa mashine, na mkate huokwa katika tanuri la gesi au umeme. Kaimati na visheti hupatikana madukani mwaka mzima. Si haki kulaumu mabadiliko haya. Kazi ya kukuna nazi kumi kwa ajili ya harusi ilikuwa nzito, na iliwaangukia wanawake na wasichana zaidi ya wengine. Vilevile, hofu ya ugonjwa wa kisukari imewafanya wengi wapunguze utamu wa sahani zao, na hilo ni jambo la busara.

Suala linalofaa kuwashughulisha wanafunzi wa Kiswahili ni lingine. Pakiti ya tui ikiingia jikoni, kifumbu hutoka, na kifumbu kikitoka, kasimile na chicha hupoteza sababu ya kutajwa. Tanuri likiingia, kupalia makaa husalia katika kamusi pekee. Kamusi nazo, kwa kuwa hazina budi kuwa fupi, mara nyingi hutosheka kusema kwamba kitu fulani ni aina ya andazi au aina ya kitafunio. Fasili kama hiyo haimwezeshi mtu asiyekiona kitu hicho kukitofautisha kisheti na kileja, ijapokuwa kimoja hukaangwa na kingine huokwa, kimoja ni cha ngano na kingine ni cha mchele.

Kwa mintarafu hiyo, kuna kazi mahsusi zinazoweza kufanywa. Kwanza, mwanafunzi anaweza kurekodi mazungumzo ya wapishi wakiwa kazini, kwa idhini yao, badala ya kuwauliza maswali wakiwa wamekaa barazani. Maneno kama vile shira kuvuta uzi au unga kushika hayajitokezi pasipo shira na unga. Pili, fasili za vyakula zinaweza kuandikwa upya kwa kutaja malighafi, njia ya upishi, umbo na wakati wa kuliwa. Tatu, lahaja za Kimvita, Kiamu na nyinginezo zinaweza kulinganishwa kwa kutumia orodha moja ya vyombo na vitendo vya jikoni. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji muda, adabu na masikio, na zinahitaji kufanywa wakati wenye maarifa hayo wangali hai.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba vyakula vitamu vya sherehe ni zaidi ya pambo la sinia. Hufuata kalenda ya jamii, husimama juu ya kanuni za sukari, wanga na moto ambazo wapishi wamezijua kwa mikono yao, na hubeba msamiati unaosimulia jinsi Kiswahili kilivyopokea vya wageni bila kuvitupa vyake. Mengi ya maarifa haya yamehifadhiwa na watu wasioitwa wataalamu, nao wangali wanapatikana Mombasa, Lamu na kwingineko, hasa Idi inapokaribia. Mtafiti atakayebisha hodi katika msimu huo ajiandae kupewa mwiko kabla ya kupewa jibu.